Pembe ya Chini

Mjomba wangu alikamatwa na nyama ya ndovu katika kambi yake ya asali, na wakati huo mimi nilikuwa najifunza kazi ya kuwakamata watu wa namna hiyo. Habari ilinikuta uani mwa ofisi ya gemu, Tabora, nimevaa kaptura mpya ya kaki iliyonibana mapajani. Gemu ndilo jina ambalo watu wote waliipa idara ya wanyama enzi za Waingereza. Mkuu wake, Mzungu mwembamba asiyependa kukaa kitini, aliitwa Bwana Nyama kama walivyoitwa waliomtangulia. Huyo Bwana Nyama alikuwa amekwisha kuridhika. Ndovu ameuawa msituni, pembe zote zimepotea, na si mbali na mzoga ameonekana mtu mwenye nyama inayokauka juu ya moto. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Mjomba alikuwa ndugu wa mama yangu, tumbo moja. Aliishi kwa mizinga ya magome aliyoitundika msituni, akiujua mti wa kila mmoja kama mtu anavyojua milango ya jirani zake. Mavuno makubwa ya asali yalikuwa yamekaribia. Mtu wa asali akikosa mavuno hayo, mwaka wote umempita, kwa sababu mzinga usiovunwa kwa wakati wake huraruliwa na nyegere, na nyegere hamwonei huruma mtu kwa kuwa yuko mahabusu. Mke wake alikuwa amefariki. Hakuwa na kazi nyingine wala hakuitaka. Niliposikia kwamba amefungiwa, mawazo yangu ya kwanza yalikuwa juu ya mizinga ile, na ya pili yalikuwa matusi kwa mjomba mwenyewe, maana nilijua hakuua ndovu na nilijua pia kwamba hatajitetea.

Aliyekuwa akinifundisha kazi alikuwa sajini mmoja, Mwislamu wa mjini, mwana wa fundi cherehani wa Gongoni. Ufundi wa baba yake ulionekana kwenye kila alichovaa. Kaptura zake zilikuwa na mkunjo wa pasi hata porini, na tulipokuwa safarini aliweza kusimama katikati ya njia, watu wote wakimngoja, ili atoe mbegu za majani zilizoshika soksi zake. Alipenda kuongea, alipenda kusifiwa, na chai yake ikikosa tangawizi alinuna mpaka adhuhuri. Miezi ya mwanzo nilimwona mtu wa maringo tu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mtu anayejipangusa soksi wakati mimi nina haraka hunichemsha damu.

Nilimwendea asubuhi ileile.

"Shikamoo, bwana sajini. Yule mtu wa asali aliyeletwa ni mjomba wangu."

"Marahaba." Alikuwa akinywa chai, na hakuiweka chini. "Ungenyamaza, nikaja kujua kwa watu, ningekufukuza. Sasa umesema. Utafuatana nami, lakini utatazama tu. Hutagusa kitu, hutamuuliza mtu swali, hutafungua mdomo mbele ya shahidi. Hata mjomba wako awe malaika, ukigusa jani moja watasema mpwa wake ndiye aliyemsafisha. Umenielewa?"

Nilielewa, ingawa sikupenda. Ndivyo nilivyouona upelelezi wangu wa kwanza, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kutazama mpira.

Tulianza mahabusu. Mjomba alikuwa ameketi sakafuni, magoti yamekunjwa, ndevu zimejaa vumbi. Sajini alimsalimu vizuri, akachuchumaa karibu naye, akamuuliza nyama ile alipewa na nani.

"Niliikuta," mjomba akajibu.

"Uliikuta imekwisha kukatwa vipande?"

"Niliikuta."

"Na imetundikwa juu ya moto wako?"

"Niliikuta, bwana." Kisha akanigeukia mimi. "Mpwa wangu, mama yako hajambo?"

Nilitaka kumzaba kibao, Mungu anisamehe. Tulipotoka nje, sajini alikuwa anacheka kidogo.

"Mjomba wako hajui kabisa kusema uongo," akasema. "Mwizi angenipa jina la mtu, au hadithi ndefu ya kusisimua. Huyu anamficha mtu aliyempa nyama. Kala chake, sasa anaona haya kumtaja. Kwa Bwana Nyama hilo halitoshi. Kwangu linatosha kunitoa Tabora."

Lori la idara lilitufikisha mahali barabara inapoishia. Kutoka hapo tulishika njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani, ikapita Kwihara na kwenda mpaka Ujiji. Miguu ya wapagazi ilikuwa imeichimba mpaka ikawa mfereji, na ingawa miti ilikuwa imeanza kuirudia, mtu angeweza kuifuata akiwa amefumba macho. Sajini aliipenda njia hiyo. Babu yake alikuwa ameipita mara nyingi na wafanyabiashara wa pembe, na mjukuu aliyarithi masimulizi yote, akawa anayamwaga njia nzima. Mimi nilikuwa namsikiliza kwa sikio moja, nawaza nyegere.

Mzoga ulianza kutukaribisha kwa harufu kabla hatujauona. Tai waliruka kwa uvivu. Sajini alijifunga leso yenye karafuu puani, akanionyesha kisiki nisimame hapo, kisha akaanza kazi kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Alimshitaki mjomba wangu. Alisimama mbele ya mzoga kama karani wa mahakama na kumshitaki kwa sauti, kwa nguvu zake zote.

"Huyu mtu wa asali ana njaa," akasema. "Ana kambi karibu. Bunduki hana, lakini tumpe bunduki, tuseme ameazima. Amempiga ndovu. Sasa anataka pembe, na shoka lake ni hili." Alilitoa mkobani shoka la mjomba, lile jembamba la kuchongea matundu ya nyuki, alilokuwa ameliomba polisi. "Haya, mtu wa asali, kata."

Akakata. Alikata mfupa wa kichwa kilichooza, huku jasho likimtiririka na mkunjo wa kaptura ukipotea, mpaka akaridhika kwamba shoka lile halitoi majeraha mapana kama yale yaliyokuwa mfupani. Hata hivyo hakufurahi. Alisema huenda mtu wa asali aliazima na shoka. Akaanza upya, akimtafutia mjomba wangu kosa kila upande, na kila alipolipata alilisukuma mpaka likavunjika lenyewe. Mwanzoni nilikasirika nikadhani anamwonea. Baadaye nikaona kwamba hakuna wakili ambaye angemtetea mjomba vizuri kuliko mshitaki huyu, na hasira yangu ikaanza kunitoka.

Kisha akanyamaza, jambo lililokuwa geni kwake. Ndovu alikuwa amelala ubavu. Upande wa juu wa uso ulikuwa umecharangwa ovyo, pembe imeng'olewa kwa haraka. Upande wa chini ulikuwa tofauti. Mtu alikuwa amechimba shimo chini ya shavu, ardhi ngumu ile, akaitoa pembe polepole, na shimoni alikuwa ametandika majani ili isikwaruzwe na mawe. Sajini alipiga magoti ndani ya uchafu ule. Mtu wa soksi. Aliingiza mkono mpaka kwenye bega, akapapasa kila mahali, akatoka na majani makavu kiganjani.

"Wewe ni Mnyamwezi," akaniambia. "Pembe ya chini ni ya nani?"

"Ya mtemi," nikasema. "Lakini hayo ni mambo ya zamani, bwana sajini. Bibi alikuwa akitusimulia."

Bibi alisema hivi: ndovu akianguka, pembe inayogusa ardhi ni ya mwenye ardhi, na mwenye ardhi ni mtemi. Ya juu ni ya mwindaji. Mwindaji hawezi kuipeleka ile ya chini mara moja, maana kwanza lazima aoge dawa za uwindaji nyumbani kwake, ndipo asimame mbele ya mtemi. Nilimweleza sajini hayo yote, nikijiona kama ninayesimulia hadithi za sungura.

"Babu yangu alinunua pembe za chini kwa watemi," akasema. "Kabla ya kupima uzito alizipapasa kwanza. Hazikuwa na kovu hata moja, kwa sababu mtu hamletei mtemi kitu kilichokwaruzwa. Sasa tazama. Mwizi angezing'oa zote mbili kwa namna moja. Huyu ametoa moja kama yake na nyingine kama ya mwenye ardhi." Alisimama akajitazama magoti, akasikitika kidogo. "Twende ikulu."

Ikulu ndilo jina la Kinyamwezi la makao ya mtemi. Mtemi wa nchi ile alikuwa mtu wa makamo, mwenye baiskeli nzuri na baraza la kuamulia kesi, na serikali ilimhesabu kuwa mtu wake. Alitupokea kwa heshima lakini hakustarehe. Sajini alipomuuliza kama ameletewa kitu, alisema siku hizi hawaleti tena, watu wamesahau. Mtu mwingine angeanza hila hapo. Sajini alimwambia kila kitu waziwazi: mzoga, shimo, majani, na mtu wa asali aliyefungiwa kwa kosa la mwingine. Kisha akaomba ruhusa ya kukaa na kungoja.

"Akija," mtemi akasema baada ya kufikiri, "atakuja kwangu kwanza."

"Kwako kwanza," sajini akakubali. "Mimi ni mgeni hapa."

Tukangoja. Huko kungoja kulinitesa kuliko safari nzima. Kila jua lilipozama niliona mzinga mwingine umeraruliwa. Mwishowe, tulipokuwa peke yetu, nikamwambia sajini kwamba tungeweza kuchukua askari wa mtemi na kupekua nyumba zote, tungekuwa tumekwisha kurudi Tabora.

"Tungepata pembe," akasema, akipiga mswaki wa mti kwa makini. "Na tungepata kijiji kizima cha waongo. Pembe haitamtoa mjomba wako. Ninamtaka mtu aseme yeye ndiye aliyeua. Na mtu aliyechimba shimo lile atasema, ukimwacha amalize jambo lake."

Alikuja asubuhi, watu wakiwa kwenye shughuli zao, akipita njia kuu bila kujificha. Alikuwa mzee, lakini mzee mwenye mabega ya kijana, na begani alibeba mzigo mrefu uliofungwa kwa mabua ya mtama. Alipofika uwanjani alipiga magoti mbele ya mtemi, akapiga makofi ya taratibu kama desturi ilivyo, akaufungua mzigo. Pembe ilikuwa imeoshwa ikang'aa.

"Nimeleta cha mwenye nchi," akasema.

Mtemi alimtazama sajini. Sajini hakutikisika. Alikaa palepale kwenye kigoda chake mpaka mtemi akaipokea pembe, akamshukuru mzee, akamwinua. Mambo yao yalipokwisha ndipo naye akasimama, akanyoosha kaptura.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," mzee akajibu, akaiona kaki, akaelewa. Hakugeuka kutafuta njia. Alikaa chini, akapangusa miguu.

Alieleza mwenyewe, bila kubanwa. Ndovu walikuwa wakiingia katika mtama wake kila mara. Alipiga ngoma, aliwasha moto, hawakujali. Alimpiga mmoja kwa gobore lake shambani, akamfuata msituni mpaka alipoanguka. Sajini akamuuliza kama aligawa nyama.

"Niligawa kwa aliyekuwa karibu. Kuna mtu wa asali kule. Zamani alinikaribisha asali nilipopita na kiu."

"Yuko mahabusu Tabora, kwa ndovu huyo."

Mzee aliacha kupangusa miguu. "Hakunitaja?"

"Alisema aliikuta nyama."

"Hangeweza kunitaja," mzee akasema. "Alikula."

Kisha sajini akavuta kigoda chake karibu, na nikaona anachagua maneno, yeye ambaye siku zote maneno yalimmwagika. Alisema sheria inamruhusu mtu kumwua ndovu anayekula shamba lake, mradi atoe taarifa na pembe zote zifike serikalini. Alisema mtemi ni serikali. Alisema mzee amekuja mbele ya serikali kwa miguu yake mwenyewe, na mashahidi wapo.

"Sasa nitakuuliza jambo, baba, na ninakuomba ufikiri kabla ya kujibu. Pembe ya juu umeiacha nyumbani. Je, ni kwa sababu bega moja halibebi pembe mbili, na ulikusudia kurudi kuileta?"

Hata kuku wa ikulu wangeelewa mlango ule uko wazi kiasi gani. Ilimtosha mzee kusema ndiyo, neno moja, na angelala nyumbani kwake. Nilikuwa nimekatazwa kusema, nikakaza meno mpaka yakaniuma. Mtemi aliinamisha uso. Mzee alimtazama sajini kwa upole, kama mtu anayepewa zawadi isiyomfaa.

"Nikisema hivyo," akauliza, "yule wa asali anatoka?"

"Anatoka hata usiposema. Umekwisha kumtoa."

"Basi sina sababu ya kusema uongo. Pembe ya juu ni yangu. Nimeifukia nyuma ya ghala. Twende nikuonyeshe."

Nimekutana na watu wakubwa baada ya siku ile, wengine wana barabara zinazoitwa kwa majina yao, na sijamwona aliyenishinda nguvu kama mzee yule. Yeye angesema uongo kwa ajili ya mtu aliyempa asali. Kwa ajili yake mwenyewe hakuona haja. Nilimheshimu, na papo hapo nilitamani kumshika mabega nimtikise. Nilimheshimu sajini pia, kwa sababu hakumuuliza mara ya pili. Alitoa leso safi, akajifuta uso, akasema, "Sawa, baba," na kwa hayo akamwachia mzee jibu lake.

Hakumfunga pingu. Tuliporudi kwa ile njia ya misafara, mzee alitangulia, kwa kuwa ndiye aliyeijua zaidi, na sajini alimbebea mkeka wake. Wakawa wanabishana juu ya babu zao, nani alikuwa mpagazi hodari, nani alimpunja nani kwenye mizani. Mtu asiyejua angedhani ni watani wawili wanakwenda harusini.

Mahakamani sajini alisema ukweli wote, na alisema kwa kuurudia kwamba pembe ya chini ililetwa bila kuitwa na mtu. Bwana Nyama hakupenda kesi yake juu ya mjomba ivunjwe, lakini aliinuka akasema ni kweli. Mzee alifungwa kwa miezi michache kwa ile ya juu. Sajini alirudi ofisini, akaikataa chai. Nilikuwa sijawahi kuona hivyo. Nilimletea nyingine yenye tangawizi nyingi, akainywa, hakusema ni nzuri wala mbaya.

Mjomba alitolewa siku ileile mzee alipoingizwa. Walikutana getini, nami nikiwapo.

"Shikamoo," mjomba akasema.

"Marahaba. Nyama ilikuwa laini?"

"Kidogo. Ilikuwa ya mzee."

Wote wawili wakacheka, askari wa jela akiwashangaa, kisha mmoja akaenda ndani na mwingine akashika njia ya msituni. Nilifurahi sana. Moyoni nilihesabu kwamba mavuno bado, mjomba amewahi, na kazi yote ya sajini haikupotea.

Nilipopata ruhusa nilikwenda kambini kumsaidia kuvuna. Sikumkuta. Majivu yalikuwa ya zamani. Nilizunguka miti niliyoijua nikakuta mizinga chini, imeraruliwa, masega yametapanywa, nyegere wamekula wakashiba wakabakisha. Nilidhani amekufa. Nikakimbia kuuliza watu, nao wakanielekeza kwenye shamba la yule mzee, kando ya msitu.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa juu ya ulingo, debe mkononi, amekonda, macho mekundu kwa kukesha. Chini yake mtama ulikuwa umesimama wote, umeinama kwa uzito, unangoja kukatwa. Mke wa mzee alikuwa anamsogezea ugali kwenye ngazi. Hasira zangu zilipanda palepale. Nikamsemesha kwa sauti ambayo mpwa hamsemeshi nayo mjomba wake. Nilimwambia sajini amepiga magoti kwenye mzoga kwa ajili yake, nilimwambia mizinga imekwisha, nilimwambia tumehangaika kumtoa ndani ili avune asali yake, naye amekuja kulinda shamba la watu.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya mtama huu," akasema. "Ukiliwa sasa, atakuwa amefungwa bure."

Nilivua viatu vya serikali, nikapanda ulingoni, akanipa debe, akajilaza akalala.